Barua Aliyoisahihisha Zahia

Kuskusi ya Jumapili ile ilikuwa na mboga saba, na Zahia alikuwa jikoni tangu saa mbili asubuhi. Aliivukisha mara tatu, akaivuruga kwa viganja mpaka vikawa vyekundu, akaipanga nyama ya kondoo juu yake kama anayemwandalia bwana harusi. Bi Taklit, jirani yao wa tangu kule kwao Bejaia, kabla hawajahamia Quebec, alipoingia na kunusa hewa, mama alimwambia, "Karibu, shoga yangu, karibu. Leo ni siku ya Nuara. Nuara ana habari." Utadhani sufuria ilikuwa imejipika yenyewe.

Zahia aliendelea kupakua. Alishazoea. Ulikuwa mwaka wa sita sasa Yemma Djuher, mama yao, anaishi kwake, ghorofa ya chini ya nyumba ya matofali karibu na mtaa wa Jean-Talon. Zahia ndiye aliyempima presha, aliyemkata kucha za miguu, aliyegombana na watu wa zahanati kwa ajili yake. Nuara, dada mkubwa, alikaa Laval, ng'ambo ya mto. Alikuja kila Jumapili, akabusiwa kichwani, akachaguliwa mnofu, akaondoka.

Na hicho kichwa kinachobusiwa, hapo ndipo palipouma. Kichwa cha Nuara kilikuwa na hijabu. Cha Zahia hakikuwa nayo.

"Mtazame," mama alisema Nuara alipoketi. "Mwalimu wa serikali, anaingia darasani na mtandio wake. Quebec nzima imetunga sheria, mwanangu hakutikisika."

"Mashallah, mashallah," Bi Taklit akaitikia, halafu akageuza macho. "Na huyu mdogo?"

"Huyu naye anafundisha," mama alisema huku akimenya chungwa. "Anafundisha tu."

Lile neno "tu" lilimwingia Zahia kama mwiba wa samaki. Alinyanyuka akaenda kuongeza mchuzi ambao haukuwa umepungua.

Aliporudi, Nuara alikuwa anaeleza. Amechoka kuvuka daraja la mto kwenda shuleni kwake. Kila asubuhi saa nzima ndani ya gari, kila jioni saa nzima, na mumewe Muhand tangu aumie mgongo kiwandani anahitaji mtu wa kumshika anapoamka. Sasa shule moja ya Laval, dakika tano kutoka nyumbani, imempa darasa la tatu. Wamemhoji kwa simu, robo saa tu, maana siku hizi walimu ni adimu na shule zinagombania.

"Wamenitumia barua pepe, kazi ninayo. Imebaki kuandika barua ya kuacha kule kwangu. Zahia, mdogo wangu, wewe ndiye unayejua mambo ya karatasi. Nimeiandika, nipitishie macho. Kama kuna tatizo lolote, niambie."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye mkoba na kumpa mbele ya watu wote.

"Mwachie ale kwanza," mama alisema, na Zahia kwa sekunde moja alifurahi, mpaka alipoona mama anamtazama Nuara.

* * *

Sheria yenyewe haina mafumbo. Mwalimu wa shule ya serikali asivae alama ya dini akiwa kazini. Msalaba, kilemba, kofia ya Kiyahudi, hijabu, vyote vibaki nje. Lakini wabunge waliona haya kuwavua watu waliokwisha kuwa darasani, wakaweka kifungu cha huruma: aliyekuwa kazini kabla ya tarehe fulani ya mwezi wa tatu, mwaka 2019, aendelee kuvaa. Nuara alisaini mkataba wiki tano kabla ya tarehe ile. Zahia alisaini miezi mitano baada ya tarehe hiyohiyo. Basi. Hapakuwa na shujaa wala msaliti, palikuwa na kalenda.

Na ile nafasi ya wiki tano kabla, jamani, walikuwa wameitaka wote wawili! Wiki ileile mama alianguka kwenye barafu mbele ya duka la mkate akavunjika nyonga. Mmoja ilibidi akae naye hospitali. "Nenda wewe, dada," Zahia alisema, "mimi nitabaki na Yemma." Alikaa siku kumi na moja kwenye kiti cha plastiki, akimgeuza mama kila baada ya saa mbili asitokwe na vidonda. Nuara alienda kwenye usaili, akaipata kazi.

Kufika vuli, shule iliyomchukua Zahia iliitwa Mtakatifu Filomena. Juu ya paa ilikuwa na msalaba wa mawe wenye urefu wa mtu. Huo ulikuwa urithi wa wazee, haukuwa na shida. Chini ya msalaba huo Zahia alipita kichwa wazi, kwa sababu kitambaa chake ndicho kilichokuwa dini.

Asubuhi ya siku yake ya kwanza mama alifunga mlango wa chumba chake. Zahia aligonga, akasema, "Yemma, naenda." Mlango haukufunguliwa.

Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda chake na barua ya dada yake mapajani. Ilikuwa barua fupi, yenye shukrani nyingi. Nuara aliacha kazi kwa hiari kuanzia mwisho wa Juni.

Zahia aliijua sheria ile kuliko mawakili. Mwaka ule wa kwanza aliisoma mchana kutwa kama mtu anayetafuta tundu kwenye uzio, na tundu hakuliona. Lakini kifungu cha huruma alikikariri. Aliyekuwa kazini ataendelea kuvaa *maadamu yuko kwenye kazi ileile, kwa mwajiri yuleyule*. Laval ilikuwa na mwajiri mwingine. Nuara akivuka mto tu anakuwa mwalimu mpya kama mwalimu mpya yeyote. Na akirudi atakuwa mpya vilevile.

Nuara hakuyajua haya. Angeyajulia wapi? Sheria ile haikumgusa siku hata moja, hakuwa na sababu ya kuisoma. Alidhani ruhusa ile ni yake mwenyewe, anatembea nayo kama leseni ya udereva.

Maneno yalikuwa machache: Dada, usiipeleke. Zahia aliyasikia kichwani, akayasikia vizuri. Kisha akasikia sauti ya mama kutoka sebuleni, ikicheka, ikisema, "Nuara wangu huyu, Nuara wangu." Akachukua kalamu. Sentensi ya pili ilikuwa ndefu mno, akaikata. Mahali fulani Nuara alikuwa amerudia neno, akalifuta. Akatoka.

"Iko sawa," alisema. "Nimerekebisha kidogo tu. Ipeleke."

"Ndiyo maana nakupenda," Nuara akasema, akamshika shavu.

* * *

Mume wa Zahia, Arezki, alikuwa fundi wa lifti, mtu mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Siku ya tatu, wakikunja nguo, mkewe alimweleza. Hakujua kwa nini alimweleza. Labda alitaka aambiwe kwamba ana haki.

Arezki alibaki ameshika soksi moja. "Hujamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Mwisho wa Juni ni kesho kutwa."

"Wewe hujui nilivyokaa," Zahia alisema, na sauti ikampanda. "Miaka yote hii nasikia Nuara hakutikisika, Nuara hakutikisika. Atikisike basi! Na yeye aone. Hakufanya chochote, Arezki. Hakupigana na mtu. Alibahatika tu, na bahati yenyewe mimi ndiye niliyempa!"

"Sawa. Lakini ana Muhand pale nyumbani, hafanyi kazi. Mshahara ni huo mmoja."

"Si atafanya kazi. Nani kamkataza kufanya kazi? Atafanya kama ninavyofanya mimi."

Arezki akaitafuta soksi ya pili. "Ungekuwa umemwambia hivyo hivyo, usoni kwake," alisema, "ningekuelewa."

Kesho yake Zahia alishika simu mara mbili. Mara ya kwanza laini ilikuwa inatumika. Mara ya pili Nuara alipokea, akaanza kusimulia kabla hajasalimiwa: mama amempigia, mama amesema atamshonea pazia la darasa jipya kwa mkono wake. Yemma Djuher, ambaye macho hayaoni tundu la sindano, ambaye suruali ya Zahia aliyoombwa kuipunguza ilikaa kapuni mwaka mzima mpaka ikatupwa!

"Ulikuwa unataka kusema nini?" Nuara aliuliza.

"Nakusalimu tu," Zahia akasema.

Juni ikaisha. Julai nzima alijifanya hamnazo. Alijiambia huenda sheria imelegezwa, huenda Laval hawaangalii, huenda Nuara mwenyewe ameuliza mtu. Siku moja Nuara alikuja na mfuko, akatandaza kitandani mitandio sita mipya ya kuendea kazini, ya kahawia, ya kijivu, mmoja wa rangi ya zaituni.

"Upi wa siku ya kwanza? Sema kweli."

Zahia aliugusa ule wa zaituni. Ulikuwa laini, wa bei. Aliwahi kuwa na mmoja kama huo.

"Huu," alisema. "Huu unakupendeza." Na ilikuwa kweli, na aliuchukia.

* * *

Karatasi zilisainiwa wiki ya mwisho ya Agosti. Zahia alikuwa anamsugua mama mgongo kwa mafuta ya zaituni simu ilipolia, na kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta aliiwekea kipaza sauti. Ndivyo mama alivyosikia yote pamoja naye.

"Wameniambia mimi ni mpya," Nuara alikuwa anasema. Hakuwa analia, alikuwa kama mtu aliyegongwa anayeeleza rangi ya gari. "Yule mama wa ofisini amenipa kahawa, amenisogezea karatasi, ananiambia, hapa unathibitisha kwamba hutavaa alama yoyote. Nikamwambia mimi nina ruhusa, mimi ni wa zamani. Akaniambia, bibie, wewe ni wa zamani kule, hapa umeanza leo. Kwa upole, Zahia. Kwa upole kabisa. Akaniuliza kama nataka sukari."

"Rudi kule kwako!" mama akapaza sauti. "Rudi shule yako!"

"Nimepiga simu, Yemma. Nafasi wameshampa mtu. Na hata wangenirudisha, ningekuwa mpya hukohuko."

"Na wewe, ulisema nini?"

"Nimesaini, Yemma. Ningefanya nini? Muhand amelala kitandani. Nyumba ina deni. Nimesaini na kahawa sikuinywa."

Mama alianza kupiga mapaja yake kwa viganja, akimwita Mungu na marehemu mumewe, na Zahia akasimama nyuma yake na mikono ya mafuta, akingoja furaha aliyokuwa ameitamani kwa miaka. Ilikuja kidogo, kweli ilikuja, ikapita kifuani kama joto la mtu aliyefungua tanuri. Halafu ikaisha. Ilibaki sauti ya Nuara kwenye simu ikimtuliza mama yao. "Usilie, Yemma. Usilie, presha itapanda."

* * *

Jumapili iliyotangulia siku ya kufungua shule Nuara alikuja mapema, peke yake. Alipita moja kwa moja chumbani kwa Zahia, akafunga mlango, akakaa mbele ya kioo. Jikoni mama alikuwa anagongagonga mabakuli.

"Nionyeshe," Nuara alisema. "Wewe unajua. Siku ya kwanza ulifanyaje?"

Akafungua mtandio. Zahia hakuwa ameziona nywele za dada yake mchana kweupe kwa muda mrefu. Zilikuwa zimelala, zimechoka, nyembamba utosini, na mvi zimejaa kwenye panja. Ana miaka arobaini na moja tu, Zahia akawaza. Akachukua kitana.

"Siku ya kwanza nilihisi baridi masikioni," alisema. "Nilitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Niligeuka mara tatu."

"Watu walikutazama?"

"Hakuna hata mmoja aliyetazama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi."

Nuara akacheka kidogo kwa pua. "Mimi nilikuwa sijui. Nakwambia kweli. Nilikuwa nadhani… wewe hukusema kitu, nikadhani ulizoea. Ningekuuliza. Nisamehe, mdogo wangu, ningekuuliza."

Kitana kikasimama katikati ya nywele. Sasa, Zahia alijiambia. Sema sasa, mwambie, kabla hajakuomba msamaha tena. Akafungua mdomo. Mlango ukafunguliwa kabla yake.

Mama aliingia na sinia. Juu yake zilikuwa chapati za msemen, zimekunjwa pembe nne, bado zinatoa moshi, asali pembeni. Yemma Djuher, ambaye hakuwa amekanda unga tangu avunjike nyonga! Uso ulikuwa na unga mpaka kwenye nyusi. Alilitua sinia kitandani, akamwona Nuara kichwa wazi kwenye kioo.

"Mwanangu," alisema. "Masikini mwanangu, wamekufanya nini." Akakikumbatia kile kichwa chenye mvi, akakibusu utosini, akaweka kiganja juu yake na kusoma Fatiha yote, polepole, machozi yakidondokea nywele ambazo Zahia alikuwa amezichana. "Mungu anaona. Mungu anajua umelazimishwa. Nimekupikia, ule kesho asubuhi, usiende na tumbo tupu siku kama hiyo."

Zahia alikuwa bado ameshika kitana. Alihisi wivu ukirudi, wote, mzimamzima, kama vile haukuwa umeondoka siku hata moja. Kumbe haikuwa hijabu. Hata kichwa wazi, ni cha Nuara kinachobusiwa.

"Na mimi, Yemma?" alisema. "Siku yangu mimi ulinipikia nini?"

Mama akageuka. Alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote.

"Siku yako ipi?"

Nuara aliinamisha macho. Kwenye kioo Zahia aliona uso wake mwenyewe umekuwa mweupe, na akajisikia anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Ile barua niliisoma yote, dada. Nilijua. Siku ileile nilijua. Kifungu nakijua kwa moyo, kazi ileile, mwajiri yuleyule. Nikakurekebishia sentensi nikakwambia upeleke."

Nuara hakupiga kelele. Alimtazama kupitia kioo muda mrefu, kisha akauinua mkono wake taratibu, akakitoa kitana kutoka kwenye vidole vya Zahia na kukiweka mezani. Upande mmoja wa nywele ulikuwa umechanwa, upande mmoja bado.

"Nilikuuliza wewe," alisema. "Katika watu wote, nilikuuliza wewe."

"Najua."

"Ungeniambia unanichukia, Zahia, ningekaa tukagombana. Ningekupa haki yako. Yule mama wa kahawa simjui, haniumizi. Wewe umenivua kwa kalamu, halafu ukanichagulia na mtandio."

Akaufunga mtandio wake, ule wa rangi ya zaituni, vizuri, bila haraka, akabandika pini. Kesho asubuhi angeufungua tena, mbele ya geti la shule, ndani ya gari, bila mtu wa kumchana. Akasimama.

Mama ndiye aliyechelewa kuelewa. Alikuwa bado anawatazama kwa zamu, mmoja, kisha mwingine. Halafu macho yake yakatua kwa Zahia na kubaki pale. Hayakwenda kwa Nuara. Hayakwenda kwenye sinia. Miaka yote hii, kwenye kiti cha hospitali, kwenye beseni la kuogea miguu, mezani kila Jumapili, Zahia alikuwa akingoja mama amtazame hivyo, yeye peke yake, kana kwamba hakuna mtu mwingine nyumbani. Sasa alitazamwa.

"Yemma," alisema.

Mama aligeukia sinia. Aliinama kwa shida, kwa ile nyonga yake mbovu, na Zahia kwa mazoea akanyoosha mkono kumshika. Mama akausukuma mkono ule. Akazikusanya chapati moja moja, akazifunga kwenye kitambaa safi, akaweka na kijichupa cha asali, akafunga fundo. Akampa Nuara mikononi na kumsindikiza mpaka mlangoni, akijishika ukutani.

Hakubakisha hata moja. Sinia alilirudisha jikoni mwenyewe, akaingia chumbani kwake, na Zahia akausikia mlango ukifungwa.